Gunia Limepungua: Ni Unyaufu, au Mkono wa Mtu?

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni karani wa ghala la korosho hapa Mtwara, nyumbani ni Mikindani. Tangu mwezi wa sita nimezama kwenye hadithi fupi za upelelezi, zile zinazotokea zamani: karani kauawa forodhani enzi za Mjerumani, barua imepotea kwenye nyumba ya sultani, mambo ya namna hiyo. Nasoma kwenye simu nikisubiri malori, nasoma kitandani. Riwaya ndefu zinanishinda, nikifika ukurasa wa arobaini naweka chini, lakini hizi fupi namaliza mbili au tatu kwa usiku. Mume wangu anasema nimeanza kupenda habari za damu. Kaka yangu anafundisha historia sekondari, naye anasema najijaza uongo, mwisho nitashindwa kutofautisha kilichotokea na kilichotungwa. Bibi yetu, aliyefariki mwezi wa tano, alikuwa akitusimulia habari ya mjomba wake aliyefanya kazi kwenye reli ya karanga, akatoka usiku mmoja asirudi. Taa yake ya kazi na viatu vilikutwa mlangoni. Nikimaliza kusoma nazima simu, halafu nalala macho nikiiwaza taa ile. Je, nina tatizo? Kwa nini hadithi hizi zinanikamata hivi? Na kisa cha bibi naruhusiwa kukiandika?"*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuondokewa na bibi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeuliza maswali kadhaa, lakini chini yake naona hofu moja: kwamba kinachokuvuta kwenye hadithi hizi ni kitu kisichofaa, ama damu, ama uongo, ama uvivu wa kushindwa vitabu vinene. Nitakujibu kwa urefu, maana hadithi za aina hii nimezisoma, nimezifundisha na kuziandika kwa miaka mingi hapa Lindi, na mpaka leo zinanikamata kama zinavyokukamata wewe. Kwa ufupi, kusoma kwako hakuna ubaya. Usingizi ndio unaohitaji kuangaliwa, nao nitaufikia.

Tuanze na shemeji. Mwombe achukue hadithi moja uliyoimaliza juzi, ahesabu mistari yenye damu. Mara nyingi haitafika mitano. Maiti huwa imeshalazwa pale hadithi inapoanza, imefunikwa shuka, na kuanzia hapo ni maswali matupu: ufunguo ulikuwa kwa nani, nani alikula na marehemu, mbona taa bado ina mafuta. Mwenye kiu ya damu angechoka ukurasa wa pili. Kifo kimewekwa pale ili swali lisikwepeke. Mbuzi akiibwa, watu watakaa barazani, watalipana, yataisha. Mtu akifa na haijulikani nani kamuua, hakuna anayeweza kusema "basi tuyaache". Na kwa kuwa marehemu huyo alikufa miaka mia na ushee iliyopita, hakuna mtoto wake anayelia nyumba ya pili. Unaweza kuliwaza kwa utulivu jambo ambalo lingetokea mtaani kwako jana lingekunyima hata nafasi ya kuwaza.

Kinachokukamata hasa, nadhani unakijua kuliko mimi, maana ndiyo kazi yako ya kila siku. Gunia la korosho limeingia ghalani, kilo zake zimeandikwa. Baada ya wiki kadhaa unalipandisha tena kwenye mizani, limepungua. Huenda ni unyaufu: korosho imekauka, maji yametoka, hakuna mwenye kosa. Au kuna mkono wa mtu. Mizani haisemi, karatasi haisemi. Inabidi wewe mwenyewe uuangalie mshono, uone kama uzi ni ule ule ulioingia nao. Unauliza ghala lilifunguliwa siku gani na nani alikuwapo. Unapima magunia ya jirani yaliyopokelewa siku hiyo hiyo: yakiwa yamepungua yote kwa kiasi kimoja, ni joto na upepo, likiwa ni hilo moja tu, hapo pana neno.

Zamani nayo ni ghala la namna hiyo. Kila tulichorithi kimepungua uzito. Majina yamepotea, barua zimeliwa na mchwa, wazee wameondoka na waliyoyajua. Sehemu kubwa ya upungufu huo ni unyaufu wa miaka tu. Lakini sehemu nyingine kuna mtu aliificha, aliichoma, au aliamua isiandikwe. Hadithi ya upelelezi inayotokea zamani inakusimamisha mbele ya gunia lililopungua na kukutaka useme kipi kimekauka chenyewe na kipi kimechukuliwa. Hadithi ya upelelezi ya mjini leo haina swali hili la pande mbili, na kitabu cha historia mara nyingi hakina nafasi ya kukuacha ulitafute mwenyewe.

Kuna na ufundi ambao wasomaji wengi wanaufurahia bila kuujua. Kwenye hadithi ya siku hizi, kitu kigeni kinajitangaza. Ukimkuta mtu kavaa koti zito Mtwara mwezi wa kumi na moja, unajua mwandishi anakukonyeza. Lakini hadithi ikitokea mwaka 1895, kila kitu ni kigeni: fedha, salamu, vyombo, namna ya kufunga mlango. Msomaji hajui kipi ni kigeni kwa sababu ni cha kale, na kipi ni kigeni kwa sababu ndicho dalili yenyewe. Mwandishi anaweza kuiweka dalili juu ya meza, wazi kabisa, nawe ukaipita ukidhani ni pambo la enzi zile.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi fupi ya aina hiyo, nikaisoma kwa sauti barazani kwa jirani yangu usiku mmoja umeme ulipokatika. Tulikuwa watu kama kumi: walimu wawili, vijana wa bodaboda, na mama mmoja mtu mzima ambaye ujana wake aliumalizia mwambani akitafuta pweza. Katika hadithi, karani wa forodha kwenye bandari ndogo ya jahazi amekutwa amekufa usiku wa mwezi mpevu. Nahodha mmoja anajitetea kwamba saa nne usiku ndiyo kwanza alikuwa anaingiza mashua, akaifunga kwenye ngazi za forodha, maji yakipiga ngazi ya tatu. Niliyaandika maneno hayo kwa madaha, na mwezi ukimeremeta juu ya mawimbi, makusudi yaonekane ni mapambo. Walimu wakamshuku mke wa marehemu. Vijana wakamshuku askari. Yule mama alikuwa ananyoosha miguu yake mkekani, hajasema kitu. Akaniambia nirudie maneno ya nahodha. Nikarudia. Akasema, "Huyo muongo. Mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa na kupwa kupita siku zote. Bamvua saa nne, iwe asubuhi iwe usiku, maji hayapo, yamekupwa mpaka huko mwambani. Hizo ngazi zilikuwa kwenye mchanga mkavu."

Baraza zima lilinyamaza. Hajawahi kusoma hadithi ya upelelezi maishani mwake, na alimkamata muuaji kurasa mbili kabla ya mpelelezi niliyemtunga mimi.

Nimelifikiria tukio lile mara nyingi. Katika hadithi nzima, kila kitu kilikuwa kimebadilika isipokuwa mwezi na maji. Serikali si ile, fedha si ile, hata jengo la forodha halipo. Lakini maji ya 1895 yalikupwa na kujaa kwa saa zile zile anazozijua yeye kwa nyayo zake. Alipata kitu kimoja kisichonyauka, akakishika, akavuka nacho miaka mia. Ukimuuliza mtu kwa nini anapenda hadithi hizi, atasema anapenda mambo ya kale, lakini mimi naamini anapenda pale mkono wake unapogusa kitu kule ng'ambo na kukikuta kigumu. Na mpelelezi wa zamani hana simu ya kufuatilia watu wala maabara ya kupima damu. Ana macho, masikio na adabu ya kuuliza. Vifaa vyake ndivyo vyako wewe uliyelala kitandani, kwa hiyo mnakwenda bega kwa bega, na ukimtangulia umemtangulia kweli.

Kuhusu ufupi, usijione mvivu. Hadithi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya upelelezi wa kisasa, aliyoitoa Mmarekani Edgar Allan Poe mwaka 1841, ilikuwa hadithi fupi. Mwingereza Arthur Conan Doyle alimwandikia mpelelezi wake, Sherlock Holmes, riwaya 4 tu, na hadithi fupi 56. Kwetu Waswahili, Bwana Musa, mpelelezi aliyetungwa na Muhammed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni mwaka 1960, yeye alikuja na riwaya, na tayari kesi yake ya mwanzo ilimpeleka kwenye makaburi ya kale na mahali pa mizimu. Lakini sisi tulikuwa na kitu kifupi zaidi kabla ya hao wote. "Kitendawili!" "Tega!" Mtegaji anatega, watu wanajaribu, wanakosa, naye anadai: "Nipeni mji." Anapewa Kilwa, anaukataa, anapewa Lindi, anaukubali, anakaa nao kidogo, ndipo anafungua jibu. Hakuna kitendawili cha kurasa mia tatu. Swali lote lazima likae kichwani kwa wakati mmoja, kila neno lake likiwa bado la moto, vinginevyo jibu likija halikushtui. Ndiyo maana ukurasa wa arobaini unakuangusha: ulichokibeba kutoka ukurasa wa tatu kimeshapoa. Katika hadithi hizi fupi mchezo umegeuzwa tu. Mwandishi ndiye anayekupa mji kwanza, mji mzima na milango yake ya kuchonga na uvundo wa papa mkavu, halafu anategea humo humo.

Hasara ipo. Watu wa hadithi fupi mara nyingi ni wembamba, mke ni mke wa marehemu tu na mtumishi ni mtumishi tu, na jibu huja mbio. Ukitaka kukaa na mtu miaka yake yote utahitaji riwaya siku moja. Hakuna haraka.

Sasa kaka yako. Ana hoja, na singependa umshinde kwa ubishi. Ni kweli waandishi wengi huwavisha watu wa leo kanzu za juzi: binti wa mwaka 1880 anaongea kama mwanaharakati wa redioni, mtumwa anamjibu bwana wake kama karani anavyomjibu meneja. Ni kweli pia kwamba jibu la hadithi ni safi mno. Lakini anakosea akidhani msomaji wa hadithi hizi anazoea kudanganywa. Anachozoeshwa, usiku baada ya usiku, ni kutomkubali anayesimulia mpaka ajue huyo msimulizi alijuaje. Nahodha anasema alifika saa nne: nani mwingine alimwona? Mwalimu wa historia akimpata mwanafunzi mwenye tabia hiyo, amshukuru Mungu.

Mpe mfano huu. Mwaka 1944, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, askari mmoja wa Australia aliyewekwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi ile, aliokota sarafu tisa mchangani. Alikaa nazo mpaka 1979 ndipo akazipeleka zitambuliwe. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za shaba, ndogo, za masultani wa Kilwa, hii Kilwa yetu ya mkoa wa Lindi. Sarafu za Kilwa zina jina la sultani upande mmoja na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yanayokwenda kwa vina na lile jina, lakini tarehe hazina. Zilivukaje Bahari ya Hindi yote mpaka kule? Wataalamu wametoa dhana, na hakuna iliyofunga mlango.

Mwandishi wa hadithi fupi atakufungia huo mlango kwa kurasa kumi na mbili. Atakupa baharia, mkoba wa ngozi, ugomvi wa usiku na chombo kilichopasuka. Mradi unatoka kwenye hadithi ukijua kwamba sarafu ni za kweli na baharia ni wa kutungwa, hujadanganywa kitu. Zaidi ya hapo, umepewa kipimo: sasa ukisikia mtu anadai kwa uhakika kwamba Waswahili waliigundua Australia, utauliza sarafu tano zisizo na tarehe zinaweza kubeba mzigo huo wote kweli? Hadithi inalazimika kufunga. Historia inaruhusiwa kubaki wazi. Anayesoma vyote viwili huku akijua tofauti hiyo yuko salama, na mwambie kaka nimesema hivyo kwa heshima zote.

Lakini kuna mahali ambapo hadithi za namna hii hudhuru kweli, na ni vizuri upajue. Julai 1905, kule Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba waliyokuwa wanalimishwa kwa nguvu. Mtu wa serikali akipita shambani angeweza kuona uharibifu mdogo tu, au hasira ya mtu mmoja. Kumbe ilikuwa tangazo la vita, Vita ya Majimaji, iliyokwenda mpaka 1907 na kuua watu kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa iliyofuata. Hadithi inayoanzia kwenye miche ile iliyolala imekauka, na mtu mmoja ameinama anaitazama, ningeisoma leo hii kabla sijala. Ila kama mwandishi ataigeuza vita nzima kuwa njama ya mchawi mmoja au ofisa mmoja anayefichuliwa ukurasa wa mwisho, hapo amepotosha. Walimishaji walikuwa wengi, kodi ilidaiwa kila mahali, viboko vilikuwa mikononi mwa maakida wengi, wale wasimamizi wa Mjerumani vijijini. Kuna makosa ambayo hayana muuaji mmoja wa kunyooshewa kidole, na hadithi ikimtafuta kwa nguvu, inawasaidia wale wengine wote kutoka kwa mlango wa nyuma.

Na ukiwa unasoma, angalia nani ameruhusiwa kuuliza maswali. Hadithi nyingi zinazowekwa kwenye pwani yetu humpa upelelezi ofisa mwenye kofia ngumu, na sisi tunamshikia taa. Fikiria Tendaguru, bara kidogo kutoka hapa nilipo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, ikabebwa kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi, na mmoja wa wanyama hao leo amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Majina ya mabwana wa msafara yanajulikana. Lakini aliyewasimamia mamia ya wachimbaji, aliyejua mfupa unatokaje kwenye udongo bila kuvunjika, ni Boheti bin Amrani, na ilichukua mpaka 2007 ndipo mtaalamu mmoja akampa dinosaria jina la kumkumbuka. Kama kuna mtu aliyeona kila kilichotokea kambini, nani alikwenda wapi usiku na kreti gani ilifunguliwa, ni mtu wa nafasi yake. Hadithi za aina hiyo ndizo ninazozingoja, na naona dalili kwamba waandishi wa kuzileta watatoka kwa wasomaji kama wewe.

Nije kwenye usingizi. Nitasema jambo, nawe ulipime. Umeandika kwamba bibi alifariki mwezi wa tano, na mahali pengine kabisa umeandika kwamba hadithi hizi zilikukamata tangu mwezi wa sita. Hukuviweka pamoja. Mimi, kwa mazoea yangu ya kusoma, siwezi kuacha kuviweka pamoja. Huenda ni sadfa. Lakini mtu aliyekuwa na kisa kisicho na mwisho ameondoka, na mjukuu wake anatafuta kila usiku visa vyenye mwisho. Sioni ugonjwa hapo. Naona msiba unaotafuta pa kukaa. Hadithi inakupa jibu saa nne na nusu, unazima simu, na lile swali la nyumbani bado liko mlangoni na taa yake.

Kwa hiyo jaribu haya madogo. Hamisha kusoma kwako mchana, kwenye foleni ya malori, na usiku uiache simu sebuleni. Usikatishe hadithi katikati, maana kichwa huendelea kuitatua. Na zungumza habari za bibi na mtu aliyempenda, sauti itoke. Ikiwa hata hivyo unakesha usiku mwingi kuliko unaolala, wiki baada ya wiki, au umeanza kukosea mizani kazini, au chakula hakipiti na machozi yanakuja bila kuitwa, usiliache jambo hilo kwa mwalimu wa fasihi. Nenda kituo cha afya, mwambie daktari au muuguzi kwamba uko kwenye msiba na hulali. Ni neno la kawaida kabisa, wamelisikia, na wanajua la kufanya.

Kisa cha bibi kiandike. Lakini kwa hatua. Kwanza kiandike kama alivyokisema, neno kwa neno, hata pale anapojichanganya, bila kuongeza kitu. Andika na nani mwingine alikuwapo akisimulia, na ni sehemu gani alikuwa akishusha sauti. Hiyo ni kumbukumbu ya ukoo na haihitaji ufundi. Baada ya hapo tu ndipo ufikirie kutunga. Ukitunga, badilisha jina na kazi, hamisha nyumba, na usimtwike mauaji mtu ambaye wajukuu wake bado mnakutana sokoni. Halafu kuna ruhusa. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, na huenda ukoo wenu ni mmoja wao, mjomba siyo jamaa wa pembeni. Watoto wa dada yake walikuwa mikononi mwake. Aliyetoweka yule aliondoka na ulinzi wa nyumba nzima. Kabla hujachapisha popote, kaa na wazee wa upande wa mama, uwasomee. Wakikataa, hifadhi, usichapishe. Miaka michache inaweza kubadili moyo. Wakikubali nusu, andika nusu.

Utafiti nao unataka miguu, simu haitoshi. Watafute wazee waliofanya kazi kwenye reli ile au waliokulia kandokando yake, Mikindani hadi Nachingwea. Ukienda kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, usiulize mkoa wa Mtwara wala Lindi. Wakati ule yote ilikuwa Jimbo la Kusini, na Lindi ilikuja kuwa mkoa wake yenyewe mwaka 1971.

Na anza na swali la lini. Bibi alisema "reli ya karanga", lakini maneno hayo yana upana. Mradi wa karanga, ule wa Waingereza wa kulima karanga ambao reli hiyo ilijengwa kwa ajili yake, ulianza 1947, na mapema 1951 serikali ya Uingereza ilikuwa imeshatangaza kuuacha. Reli haikufa nao. Iliendelea kupita mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo ikafungwa na kung'olewa. Mtu aliyetoweka 1950, watu wakifukuzwa kazi kwa mamia, na mtu aliyetoweka 1961, ni visa viwili tofauti kabisa. Je, bibi alikuwa ameshaolewa? Alikuwa na mtoto mgongoni? Uhuru ulikuwa umeshapatikana? Hata kumbukumbu ya mavuno au mafuriko itakusaidia.

Halafu ile taa. Taa ya kazi ni mali ya mwajiri. Mtu anayekimbia kazi huiuza au huiacha kazini, hairudishi nyumbani na kuiweka mlangoni. Kwa hiyo usiku ule alifika nyumbani kwanza. Alivua viatu kama mtu anayeingia kulala. Kisha akatoka tena, pekupeku, bila mwanga. Anayetoka hivyo hakusudii kwenda mbali, au ameitwa na sauti anayoijua. Sisemi zaidi ya hapo, maana hata haya nimeyatoa kwenye sentensi moja ya barua yako, na huenda bibi aliyasema tofauti. Lakini kuna jambo moja ningependa ulitafute kwa mama mdogo au yeyote aliyekisikia kisa hiki kabla yako, na ukilipata niandikie: viatu vile vilikutwa vikavu, au vilikuwa na tope?